Mbwa Mzee Akibadilika Ghafla, Tusikimbilie Jini



Najua kuna walioona neno mbwa wakakunja uso. Sisi wa visiwani tumelelewa hivyo: mbwa ni wa nje, akikulamba utafute udongo na maji ya mara saba. Mimi ni mtoto wa Wete niliyeolewa Tanga, na nyumbani kwa mavyaa wangu, huku Sahare, yuko mbwa. Halali ndani, barazani hapandi, na chombo chake kiko mbali na vyetu. Analinda mbuzi, na mbwa wa kulinda mifugo dini imemruhusu, kwa hiyo hilo tusilijadili leo. Nataka kuwaeleza yaliyompata, maana nusura auawe kabla hata mtu mmoja hajamtazama mdomoni.

Bobi ana miaka 11. Kwa mbwa wa huku, anayekula ugali na vichwa vya samaki, huo ni uzee hasa. Mbwa wa adabu: muuza samaki hambwekei, wapiga ngoma za daku hawabwekei, mgeni tu ndiye anayemsikia. Basi mwaka jana, ndani ya siku tatu nne, akawa mwingine kabisa. Usiku anabwekea ukuta. Si paka, si mtu, ukuta. Mchana anasimama pembeni mwa banda, uso umeelekea saruji, kama aliyetumwa kitu akasahau ni nini. Chakula anakinusa na kukiacha. Siku ya nne mtoto wa wifi yangu, wa miaka 6, alimpelekea mfupa kama kawaida yake, mbwa akaunguruma na kutoa meno. Hakumuuma, alhamdulillahi, lakini mtoto alipiga ukelele ukasikika mpaka ufukweni.

Kufika Magharibi uwanja umejaa majirani. Mmoja anasema mbwa huona tusiyoyaona, kwa hiyo pale ukutani pana kitu. Mwengine anasema kapandwa, aitwe mtu wa kusoma. Kijana mmoja kaja na rungu kabisa: hicho ni kichaa, amalizwe mapema. Mavyaa yuko kwenye mkeka anavuta tasbihi, hasemi neno.

Kwa haki, yule wa rungu alikuwa karibu na ukweli kuliko wa jini. Kichaa cha mbwa ndicho cha kwanza kufikiriwa mbwa yeyote akigeuka ghafla, mpole akawa mkali au mkali akawa mpole. Sisi wa Pemba tunapaswa kulijua hilo kuliko wengi. Kisiwa chetu kilichanja mbwa mpaka ugonjwa ukatoweka mwaka 2014, kisha 2016 ukarudi, na uchunguzi wa vinasaba vya virusi ulionyesha kuwa umeingia kutoka bara. Ikabidi mbwa wachanjwe tena, na mwaka 2018 ukaondolewa. Tunavuka bahari hii na mizigo yetu na mifugo yetu, kwa hiyo mbwa wa Tanga asiyechanjwa si shida ya Tanga peke yake. Na ugonjwa huu ukishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, kupona karibu hakuna. Mtu akiumwa, au akikwaruzwa, au mate yakaingia kwenye kidonda, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, halafu hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Pilipili na majani ya kupondwa wekeni kando.

Lakini rungu lenyewe halikuwa na maana. Mume wangu alimvuta Bobi kwa kichwa cha samaki mpaka banda la mbuzi lililokuwa tupu, akafunga mlango, watoto wakakatazwa kusogea. Mavyaa akainuka bila kusema kitu, akarudi na kadi ya chanjo. Huiweka kwenye mkoba mmoja na kadi za kliniki za wajukuu. Chanjo ilikuwa ya mwaka ule ule. Kijana akaondoka na rungu lake.

Asubuhi akaja daktari wa mifugo. Nilimpenda kwa kuwa hakufungua mlango. Alikaa nje, anatazama na kuuliza. Sauti imebadilika? Taya linaning'inia? Anameza maji? Anauma mawe, miti, chochote? Amegombana na mbwa wa kupita miezi hii? Mbwa mwenye kichaa, alituambia, hali yake inakwenda chini kila siku, na kwa kawaida hamalizi siku 10 tangu dalili zianze. Bobi alikuwa akinywa maji vizuri, akimtambua mavyaa kwa sauti, mkia unatikisika. Hata hivyo akaamuru afungiwe siku hizo 10, kadi au hakuna kadi, na maji yaingizwe kwa kusukumwa na fimbo.

Siku zilipokwisha, mbwa mzima, daktari akamfunga mdomo kwa kitambaa na kuanza kumkagua. Mashoga, jino la nyuma upande wa kushoto lilikuwa limeoza, na chini yake usaha. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho, limekuwa jeupe kama maziwa, la kulia linaanza. Na yule mtoto na mfupa wake alitokea upande gani? Kushoto. Kwa hiyo mnyama alihisi kitu asichokiona kinamgusa pale pale panapouma. Mimi ningepiga kofi.

Habari ya ukuta ilikuwa nyengine. Daktari alisema ni usahaulifu wa uzee, mbwa huupata kama watu, na protini ile ile inayojikusanya kwenye ubongo wa binadamu mwenye maradhi ya Alzheimer huonekana kwenye ubongo wa mbwa wazee pia. Huo hauji kwa siku nne. Huja polepole, na maumivu yakiongezeka juu yake ndipo nyumba nzima inashtuka. Mavyaa akakumbuka kuwa tangu upepo wa kusi Bobi alikuwa akisubiri geti lifunguliwe akiwa amesimama upande wa bawaba. Kinachokuja ghafla bin vuu mara nyingi ni maumivu, au sikio, au figo. Kuna na ule ugonjwa wa mizani ya mwili: mbwa mzee anaamka kichwa kimepinda, anazunguka na kuanguka, macho yanachezacheza. Ukiuona utasema amerogwa. Wengi wao hupata nafuu kwa siku chache au wiki, bila kafara.

Jirani alishauri tumpe diklofenaki ya mavyaa ya magoti. Daktari alikaribia kupiga kelele. Dawa za namna hiyo zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kuua figo zake. Aling'oa jino, akaacha dawa za mbwa, akakataza tusihamishe chombo cha maji wala kubadilisha chochote uwanjani.

Nitasema na hili, mtanisamehe. Bibi akianza kusahau, akitoka usiku, akazungumza peke yake, maneno yetu ni yale yale: ana kitu, huyo. Huko Usukumani wazee wanawake wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni walizopikia watoto wao. Mavyaa alinisikia nikilisema hili jikoni. Akajibu, "Mwanangu, mie jino likiniuma nitakwambia, yule hana wa kumwambia."

Sasa Bobi anakula ugali uliolainishwa kwa mchuzi wa dagaa. Mtoto amefundishwa kumwita kabla hajamkaribia, na kupita kulia. Usiku bado anaamka, anausogelea ukuta na kubweka mara mbili tatu. Mume wangu ameweka taa ndogo bandani, na mavyaa, ambaye usingizi wake wenyewe siku hizi ni wa kuku, humwita kutoka dirishani, "Bobi, ni mie," mpaka anyamaze.