Mtoto Si wa Kumkomolea Baba Yake



Leo nawaandikia jambo ambalo hatulizungumzi kwenye singo wala siku ya kumfunda biharusi.

Mimi ni mtoto wa Unguja, niliolewa Temeke, na talaka yangu niliipata huko huko. Mwanangu alikuwa na miaka sita. Baba yake aliwahi kuondoka naye siku tatu bila kuniaga, simu kaizima. Nusura nirukwe na akili. Basi mahakama ilipoamua mtoto akae na mimi, baba akaruhusiwa kumwona mara mbili kwa mwezi, ofisini, mbele ya afisa ustawi wa jamii.

Nakiri, nilifurahi. Nilijiona nimeshinda. Siku ya kuonana nachelewa makusudi. Mtoto akitoka, namhoji njia nzima ndani ya daladala: kakwambia nini? Kaniulizia? Kaja na nani?

Siku moja alitoka na pakiti ya ubuyu. Alipoona naitazama, akaificha mfukoni haraka, akasema, "Mama, sikufurahi."

Wallahi nililia. Mtoto mdogo vile keshajifunza kudanganya ili mimi niridhike.

Ziara iliyofuata nilimweleza dada wa ustawi. Akanijibu kwa upole kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 26, inahesabu kumtembelea mzazi wa pili kuwa haki ya mtoto. Si hisani yangu kwa baba. Na yeye afisa anakaa pale kumlinda mtoto, si kunisaidia kulipiza. Nikaikumbuka Surat al-Baqara, aya ya 233: mama asidhuriwe kwa ajili ya mwanawe, wala baba vilevile. Naisoma tangu chuoni, lakini hapo kwa baba nilikuwa napapita tu.

Sasa tunafika mapema. Namvalisha kanzu safi, namwambia, "Kamsalimie baba." Akitoka namuuliza moja tu: "Una njaa?" Mengine husema mwenyewe akitaka. Juzi kaniambia baba kamfundisha kufunga kamba za viatu.

Hofu yangu haijaisha, na bado nataka afisa awepo. Lakini hofu hiyo ni yangu, mtoto simbebeshi tena.

Dada uliye kwenye mtihani huu, mlinde mwanao, ila usimgeuze shahidi wako. Allah atufanyie wepesi. Amin.