Mchezo wa Kompyuta na Swali la Mpwa Wangu



Likizo iliyopita mpwa wangu alikuja kukaa nasi hapa Magarama, Gitega. Jioni moja akaniita: "Mjomba, njoo uone, Burundi imefika baharini!" Alikuwa anacheza Europa Universalis IV, mchezo unaoanza mwaka 1444. Burundi yake ilikuwa imeiteka Kilwa na kuwafukuza Wareno pwani. Nilicheka.

Nikamwambia historia yenyewe inashangaza zaidi. Karne ya 19 Rumaliza, mfanyabiashara mkubwa wa Ujiji, alikuja na bunduki zake, na Mwami Mwezi Gisabo akamrudisha alikotoka. Lakini mwaka 1903, huko Kiganda, Mwezi huyo huyo alikubali masharti ya Wajerumani. Maconco, mkwewe mwenyewe, na Kilima walikuwa wamejiunga na wageni dhidi yake. Mchezo unahesabu askari, lakini mkwe aliyekugeuka hauwezi kumhesabu.

Kijana akanyamaza, kisha akauliza: "Mjomba, Rumaliza alikuwa Mwislamu kama sisi. Sasa mimi niwe upande gani?"

Nilikawia kujibu. Nikamwambia: Rumaliza aliuza watu, na Mwezi alikuwa analinda watu wake. Dini yetu inatuamuru kusimamia haki hata dhidi ya jamaa zetu. Basi kuwa upande wa waliotaka kuuzwa.

Wazazi wenzangu, kabla ya kuzima kompyuta, kaeni kidogo na mtoto. Huenda ana swali.