Jenerali wa Babu

Babu yangu alipigana chini ya Jenerali Alan Cunningham kuanzia mpaka wa Kenya hadi Uhabeshi, na hakumwona hata siku moja. Hata hivyo alimtaja kama mtu wa nyumbani. Alimwita Kaningamu. Pale Songea, wazee waliokuwa Keya, yaani King's African Rifles, walipokutana barazani kwetu baada ya magharibi, sisi wajukuu tulijua simulizi litapita wapi: Mto Juba, Mogadishu, Jijiga, Harar, Addis Ababa. Mzee mmoja akikosea mpangilio, mwingine alimkatiza na kumrudisha nyuma mpaka kwenye mto.

Babu alikuwa Keya ya Sita, kikosi cha Watanganyika. Aliandikishwa kijana, akafundishwa kutumia bunduki, akapandishwa lori kwenda kaskazini mwa Kenya, kwenye nchi ambayo hadi uzeeni aliielezea kwa kusugua meno kwa ulimi: vumbi na maji ya chumvi. Maji yalipimwa. Askari alipewa ya kunywa na kupikia, na ya kuoga yakangoja. Wataliani walikuwa ng'ambo, Somalia, nao walikuwa wengi kuliko wao.

Cunningham alifika Nairobi Novemba 1940. Alikuwa mpiga mizinga kwa fani, mzaliwa wa Dublin mwaka 1887, na kaka yake Andrew ndiye admirali aliyeongoza manowari za Kiingereza katika Bahari ya Kati. Mwanzoni alisema kushambulia kabla ya masika kwisha hakuwezekani, kwa sababu ya maji hayohayo aliyoyalalamikia babu. Kisha, mwezi Desemba, vikosi vyake vilivamia El Wak, pale mpakani, na Wataliani wakakimbia haraka kuliko ilivyotazamiwa. Akabadili shauri. Badala ya kungoja Mei, aliingia Somalia Februari.

Hapo ndipo jina lake lilipokua. Kismayu ilitwaliwa tarehe 14 Februari 1941. Waafrika Kusini wakavuka Juba pale Yonte, watu wa Gold Coast wakavuka juu zaidi, Mabungo, na siku chache baadaye ngome ya mto ikawa imevunjika. Tarehe 25 Wanigeria waliingia Mogadishu na kukuta petroli ambayo adui hakuwahi kuichoma, galoni zipatazo 350,000. Babu alipofika kwenye petroli hiyo sauti ilipanda. Alisema jenerali mwingine angesimama, ahesabu madebe, aandike barua. Kaningamu aliijaza kwenye malori akaendelea. Jijiga ilianguka tarehe 17 Machi, Harar tarehe 26, na tarehe 6 Aprili Addis Ababa ikasalimu amri. Maili 1,700 kwa siku 53, na waliouawa upande wa Cunningham walikuwa 135.

Nilikua na jenerali huyo. Kisha nikaenda Chuo Kikuu, Mlimani, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nchi ilikuwa imetoka Vita vya Kagera, vijana wote tulikuwa tukizungumza habari za makamanda, nani alifanya nini na nani alichelewa wapi. Siku moja maktabani nikachukua kitabu kinene cha vita vya Afrika Kaskazini, nikafungua faharasa, nikatafuta Cunningham. Nilitarajia sifa. Nilikuta mtu aliyefukuzwa kazi.

Baada ya ushindi wa Uhabeshi walimpa Jeshi la Nane, Misri, akabiliane na jenerali wa Kijerumani, Rommel. Hakuwa amewahi kuongoza vifaru kwa wingi ule. Makao makuu yake yalikuwa mapya, yameundwa kwa majuma machache. Daktari alikuwa amemkataza kiko kwa ajili ya macho, na mvutaji wa miaka mingi akaingia kwenye vita vikubwa kuliko vyote vya maisha yake akiwa ameachishwa tumbaku. Operesheni Crusader ilianza tarehe 18 Novemba 1941. Kwa siku tano vifaru vyake viliungua karibu na Sidi Rezegh, na tarehe 23 brigedi nzima ya Waafrika Kusini ikasambaratishwa hapo. Waafrika Kusini wenzao ndio waliokwenda naye Addis. Taarifa zilizomfikia zilisema amebakiwa na vifaru makumi tu. Alimwita mkuu wake, Auchinleck, akamweleza kwamba wakiendelea huenda wasibaki na jeshi la kuilinda Misri. Auchinleck alikuja kwa ndege kutoka Cairo, akaamuru vita viendelee, na tarehe 26 akamwondoa Cunningham na kumweka Neil Ritchie. Cunningham alipelekwa hospitali Alexandria akiwa amechoka kabisa.

Tangu hapo waandishi wameshindana juu yake. Wanaomlaumu wanasema Uhabeshi ulikuwa ushindi wa bure: Waingereza walikuwa wakisoma siri za Wataliani zilizotumwa kwa redio, askari wa kikoloni wa Italia walikuwa wakitoroka kwa maelfu, na Rommel alipotokea, ukweli ukajulikana. Wanaomtetea wanasema mpango wa Crusader ulikuwa wake, na mpango huo ndio ulioshinda mwishowe: mji wa Tobruk uliozingirwa ulifikiwa, na Desemba Rommel akaanza kurudi nyuma, mwishowe hadi El Agheila.

Mimi nakubaliana na hao wa pili, lakini nusu tu. Auchinleck alikuwa sahihi. Vita vya siku ile vilihitaji mtu wa kung'ang'ania, na Cunningham alikuwa ameacha kuamini kwamba atashinda. Ninalolipinga ni lile neno la bure. Aliyeliandika hakuwa Colito.

Babu alikuwa Colito, tarehe 19 Mei 1941, wiki sita baada ya Addis kutwaliwa, wakati magazeti ya London yalikwisha kusherehekea. Wataliani walikuwa wamejikusanya kwenye nchi ya maziwa, kusini. Mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi na malori yalizama matopeni hadi ekseli. Walivuta kwa kamba, walikata matawi wakatandika chini ya magurudumu, na magurudumu yakayameza matawi. Kompania mbili za Keya ya Sita zilivuka Mto Billate chini ya risasi, bila mzinga wa kuwasaidia upande ule. Ndipo vifaru vya Wataliani vikatoka vichakani. Askari hawakuwa na silaha ya kutoboa kifaru. Sajini Nigel Leakey, Mzungu wa Kenya, alikuwa amemaliza makombora ya mota yake. Alikimbia, akarukia kifaru kilichokuwa kikiwajia kwa nyuma, akafungua mfuniko, akawapiga risasi waliokuwa ndani isipokuwa dereva, akamlazimisha dereva akiendeshe hadi mafichoni. Akarudi na askari wengine kuwinda vingine. Aliuawa hapo. Alipewa Victoria Cross, ikatangazwa Novemba 1945, vita vimekwisha.

Babu hakupenda kulirefusha simulizi hili. Alionyesha kwa mikono jinsi kifaru kinavyogeuza mtutu, polepole, na jinsi mtu aliyelala kwenye majani anavyofuata mtutu ule kwa macho. Kisha alitaja majina ya vijana wa Songea waliobaki pale. Siyaandiki; ni ya familia zao.

Lipo jambo jingine linalonitia uchungu katika habari za Cunningham, na halihusu jangwa. Addis Ababa ilipokombolewa, Mfalme Haile Selassie alikuwa tayari ndani ya nchi yake, Gojjam, akisindikizwa na ofisa wa Kiingereza, Wingate. Cunningham hakutaka aingie mjini upesi. Hoja yake ilikuwa usalama wa raia wa Kitaliano, maelfu yao, wasije wakachinjwa kwa kisasi. Lakini ndani ya mji ule watu waliuawa kwa siku tatu Februari 1937, wakati wa mtawala wa Kitaliano Graziani, na watu wake sasa waliambiwa wangoje zaidi kumwona mfalme wao kwa sababu ya hofu juu ya Wataliani. Kisasi hicho hakikutokea. Haile Selassie aliingia tarehe 5 Mei 1941, miaka mitano kamili tangu adui aingie, na Cunningham akampokea. Babu alisema njia nzima kutoka Harar, Wahabeshi walikuwa wakiwapa askari weusi mikate na kuwauliza swali moja: mfalme atafika lini?

Likizo ile nilirudi Songea na habari za maktabani. Nilimwamkia babu, nikakaa, nikamwambia taratibu kwamba Kaningamu alifukuzwa.

"Alipoteza watu wangapi?" aliuliza.

Nikamwambia maelfu.

"Akataka kurudi nyuma?"

"Ndiyo, babu. Mkubwa wake akakataa."

Alinyamaza muda, akageuza fimbo yake. Nilidhani atamtetea. "Basi mkubwa wake alifanya haki," alisema. "Askari akijua jenerali wake anatazama nyuma, naye anatazama nyuma. Lakini nani alipanga vita hivyo?"

"Yeye."

"Na vilishinda?"

"Vilishinda."

Alitaka kujua kama mzee yule bado yu hai. Wakati huo alikuwa hai, huko Uingereza, mwenye miaka 95. Baada ya jangwa walimpa chuo cha maofisa Camberley, kisha akawa Kamishna Mkuu wa mwisho wa Palestina hadi Mei 1948. Alikufa Januari 1983. Babu alitikisa kichwa kwa hiyo Palestina, akaniambia niandike, maana tayari nilikuwa nikijigamba kwamba nitakuwa mwandishi.

"Mjukuu wangu, usiandike kwamba alikuwa mwoga. Angetungojesha kule Juba mpaka masika yaishe, malaria ingetumaliza kabla ya Mtaliano. Yeye alisema twende. Hilo liandike."

Sijaliona katika kitabu chochote cha jangwani nilichosoma, na babu hayupo tena wa kulisimulia.