Kidonge cha Chini ya Ulimi

Aghalabu sisi wanafunzi wa Kiswahili hudhani kwamba kazi ya lugha katika sayansi hukoma pale istilahi inapopatikana. Maisha ya daktari mmoja wa Marekani, Ferid Murad, yamenifanya niitilie shaka dhana hiyo.

Murad alizaliwa mwaka wa 1936 katika jimbo la Indiana. Baba yake, mhamiaji wa asili ya Kialbania, alikuwa na mkahawa, na kijana huyo alikulia humo akiosha vyombo na kuwahudumia wateja. Mwaka wa 1965 alihitimu shahada ya udaktari wa tiba pamoja na ya uzamifu. Swali mojawapo lililomshughulisha lilikuwa jepesi kulitamka: nitrogliserini hufanyaje kazi? Kemikali hiyo, ambayo Alfred Nobel aliitumia kuundia baruti, ilikuwa imewatuliza wagonjwa wa moyo tangu karne ya 19. Madaktari waliijua faida yake. Namna itendavyo kazi hawakuijua.

Mwaka wa 1977, akiwa Chuo Kikuu cha Virginia, Murad na wenzake walionyesha kwamba dawa hiyo hutoa gesi ya nitriki oksidi. Gesi hiyo huamsha kimeng'enya ndani ya seli za misuli ya mshipa wa damu. Misuli hulegea, mshipa hupanuka, damu hupita. Mwaka wa 1980 Robert Furchgott alibainisha kwamba tabaka la ndani la mshipa lenyewe hutoa kitu kinachoilegeza misuli. Kufikia mwaka wa 1986, yeye na Louis Ignarro, kila mmoja kwa njia yake, walihitimisha kwamba kitu hicho ni gesi iyo hiyo. Watatu hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1998. Murad alifariki mwaka wa 2023.

Nyanya yangu alipewa vidonge hivyo kwa ajili ya maumivu ya kifua, naye akalalamika kuwa havimfai. Nilipomweleza habari za gesi, aliguna: "Mjukuu wangu, gesi ndiyo inayonisumbua tumboni, itanitibuje moyo?" Nikakunja ngumi, nikamwambia mshipa uliokaza ndivyo ulivyo, kidonge huufungua. Akaikunjua ngumi yangu kwa vidole vyake, kisha akauliza: "Nacho hufika huko nikikimeza kwa chai?"

Kumbe alikuwa akikimeza. Maelezo kwenye chupa yalikuwa ya Kiingereza, na hakuna aliyemwambia kwamba dawa hiyo huwekwa chini ya ulimi, kwa kuwa ikimezwa ini huiharibu sehemu kubwa kabla haijafika kwenye mishipa.

Istilahi tunazo, na wakuzaji wake wanastahili shukrani. Hata hivyo, ndugu msomaji, nyanya hakusaidiwa na neno "nitriki oksidi". Alisaidiwa na maelezo yaliyomwezesha kuuliza swali lake mwenyewe. Naomba basi tunapotafsiri sayansi tuandike pia namna mambo yanavyotendeka, kwa Kiswahili ambacho mgonjwa anaweza kukihoji.