Chai ya Manahodha

Juzi hapa Guangzhou, mtaa wa Xiaobei, niliketi na manahodha wawili, mmoja wa Lamu, mwingine wa Unguja, waliokuja kununua mashine za boti. Utani haukukawia. Mwamu akaicheka GPS ya mwenzake: "Betri ikiisha utauliza samaki?"

"Na wewe nyota zikizibwa na mawingu?"

Nikawakumbusha Sohar, jahazi lililojengwa Sur, Oman, kwa mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi, bila msumari hata mmoja, kama mitepe yetu ya zamani. Liliondoka Muscat Novemba 1980, likafika hapa hapa Guangzhou Julai 1981. Mwamu akatamba utadhani kalishona yeye!

Kisha akaiona risiti ya mwenzake: majaketi ya kuokolea maisha, 60.

"Sheikh, boti yako si inabeba watu 40?"

Wa Unguja akakoroga chai. Septemba 2011, ilipozama Spice Islander, alikuwa Nungwi akipokea maiti.

"Hayo 20 ni ya watoto. Makubwa yanawachomoka."

Mwamu akauliza duka liko wapi.