Kuni za Maweni

Bibi yangu hakuwa akikata mti mbichi. Alikuwa na mundu mdogo wenye mpini uliong'aa kwa jasho la mkono wake. Tukitoka Micheweni alfajiri kuelekea upande wa Maziwang'ombe, alitembea mbele juu ya mawe makali kama anakanyaga jamvi. Alikuwa akichuma tawi lililokauka, akiligonga kwenye jiwe asikie mlio wake, kisha akiliweka begani. Shina lenye chipukizi alilipita. Siku moja nilipotaka kujionyesha mwanamume kwa kuangusha mti mzima, alinishika mkono. "Mwanangu," akasema, "maweni hayafi, yalala tu. Usiyaamshe kwa kipigo."

Asiyekujua kwetu aelewe kwanza hayo maweni. Pemba inayosifiwa kwa karafuu ni ile ya vilima na udongo mwekundu. Sisi wa kaskazini mashariki tumepewa mawe, matumbawe ya bahari ya kale, na udongo wetu umejificha kwenye mashimo, kiganja huku, pishi kule. Mkarafuu haushiki hapo. Wenzetu wa Wete na Mkoani wakianika karafuu, sisi twategemea bahari na kichaka. Kichaka kilitupa kuni, fito na boriti za nyumba, majani ya mbuzi na dawa ya homa. Tulikikata kwa zamu, tukakichoma, tukapanda mtama, kunde na muhogo misimu miwili mitatu, kisha tukakiacha kilale. Wakati wa bibi kililala hata mtoto aliyezaliwa mwaka wa kukiacha akawa kijana wa kushika jembe. Nilipooa, kilikuwa kikiamshwa mwaka wa nne. Watu tulikuwa tumeongezeka. Miji ya Wete na Chake Chake ilikuwa inataka makaa, na kila aliyejenga nyumba ya mawe alitaka chokaa. Tanuu moja la chokaa hula kuni ambazo bibi angepikia miaka.

Serikali haikuwa mgeni msituni. Sheria za kukata miti Zanzibar ni za tangu enzi ya Mwingereza, na Msitu wa Ngezi, ule wa mivule na mipapindi ulio magharibi yetu, umelindwa tangu zamani hizo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ikawa mali ya serikali. Mashamba yaligawiwa watu eka tatu tatu, lakini kichaka cha maweni hakikuwa shamba la mtu. Wazee walijua ukoo gani unalima wapi na mzimu gani hauguswi, ila ujuzi huo haukuandikwa popote. Kwa hiyo kichaka kikabaki kama hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe kila mtu hukiwahi.

Nakumbuka siku shangazi yangu aliponyang'anywa mzigo wake njiani na mtu wa misitu kwa sababu hakuwa na kibali. Kilikuwa kipindi cha miaka ya themanini. Kuni zilikuwa kavu, zote, na yeye alikuwa na mtoto mgongoni. Hakulia. Alirudi nyumbani, akasubiri jua lizame, akatoka tena na dada zake wawili. Tangu hapo nimeona jambo ambalo sikulisoma katika sera yoyote: usiku mtu hachagui. Mchana bibi aliweza kugonga tawi na kusikiliza. Gizani panga huangukia kilicho karibu, kibichi au kikavu, na mtu huondoka haraka. Katazo lile halikutuzuia kukata, lilitufundisha kukata vibaya.

Mwaka 1996 Baraza la Wawakilishi lilipitisha Sheria Namba 10 ya misitu, na ndani yake kulikuwa na mlango mpya: jamii iweze kuingia mkataba na serikali na kusimamia msitu wake wenyewe. Ni sheria nzuri. Lakini Micheweni ya miaka ile ilikuwa imegawika kwa siasa mpaka misikitini na visimani. Uchaguzi wa 1995 ulikuwa umeacha kidonda, na maandamano ya Januari 2001 yakaishia kwa damu. Sheha, mkuu wa shehia yetu, ni mteule wa serikali. Akiita mkutano wa miti, nusu ya watu walibaki majumbani, na waliokwenda walitazamwa. Nani angekaa chini kugawana kichaka na jirani ambaye hamzikani naye?

Ndiyo maana siwezi kutenganisha habari ya misitu yetu na maridhiano. Tarehe 31 Julai 2010 tulipiga kura ya maoni kukubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na mwaka huohuo ukaanza mradi wa HIMA, Hifadhi ya Misitu ya Asili, ulioendeshwa na shirika la CARE pamoja na idara ya misitu kwa fedha za Norway, katika shehia 45 za Unguja na Pemba. Najua mradi ulipangwa kabla ya kura ile. Hata hivyo, kama ungekuja miaka mitano kabla, ungekuta viti vitupu.

Kwetu watu walikaa chini ya mwembe, wa chama hiki na chama kile. Tuliambiwa kwamba mti ukisimama huhifadhi hewa ukaa, na nchi tajiri zingelipa ili usimame. Mzee mmoja akauliza, "Hiyo hewa wataipima kwa pishi au kwa mizani?" Hakuna aliyecheka, kwa sababu ndilo swali tulilokuwa nalo sote. Kilichotuingia moyoni ni ile siku ya kutembea mpaka. Vijana walishika kifaa cha kupimia kwa satelaiti, lakini waliowaongoza walikuwa wazee. Hapa ni mbuyu wa fulani, pale ni kisima cha kale, kule mzimu. Yale yaliyokuwa vichwani mwao yakaingia katika ramani, na ramani ikatiwa saini. Tukatenga eneo lisiloguswa na eneo la matumizi, tukachagua kamati, na wanawake wakaingia humo kwa haki yao.

Fedha za hewa ukaa hazikuja. Soko la dunia lilikuwa limedorora, na mwisho wa 2014 mradi ukafunga hesabu. Vijana walihamaki, na baadhi yao walirudi msituni na mapanga. Nilidhani kamati itakufa. Haikufa. Doria ziliendelea, watu wakijitolea. Sababu naijua, maana nilikuwa mmoja wao: tulikuwa tumepata kitu tusichokuwa nacho tangu utoto wangu, haki ya kumwambia mkataji aliyetoka mbali kwamba hapa pana wenyewe.

Lakini lazima niseme na hili. Tulipofunga kwetu, mapanga yalihamia shehia ya pili isiyo na mkataba. Shemeji yangu anakaa huko, na mikoko ya hori lao ilipukutika mbele ya macho yake. Na mzigo wa hifadhi haukutua sawa mabegani. Mwanamume aliyeacha makaa alikwenda dago kuvua. Mwanamke alibaki na chungu kisicho na kuni, akatembea mbali zaidi, au akakaa juani akiponda kokoto apate ya kununulia. Wakulima wa mwani, ambao tangu zao hilo lilipoingia Zanzibar mwaka 1989 wengi wao ni wanawake, wanahitaji vijiti vya kufungia kamba, na vijiti bora hutoka mikokoni.

Mwezi uliopita nilikuwa barazani kamati ilipokaa. Alikuja msichana wa mwani kuomba ruhusa ya vijiti mia mbili. Katibu, mwanamke aliyewahi kunyang'anywa mzigo kama shangazi, alimwuliza atakata mti gani, upande gani wa hori, na kama ataacha mashina yenye chipukizi. Kisha akamwambia achukue mia, na kabla ya hizo apande miche hamsini ya mkoko matopeni. Msichana alilalamika kwamba bamvua limekaribia. Katibu akavua viatu, akajifunga kanga kiunoni, akasema, "Basi twende sote, mwanangu, maji yangali mbali." Nikawaona wanateremka pwani, mmoja na panga, mwingine na pakacha la miche.