Mzee Benenson na karatasi ambayo sikuisaini

Najua nimepotea, karibu miezi miwili sijaandika kitu hapa. Msinilaumu, nilikuwa BTP, na aliyepita BTP anajua: andalio la somo kila usiku, nauli ya daladala ya kuhesabu, na watoto sitini na kitu kwenye darasa moja wanakuangalia kama vile wewe ndiye uliyekula chaki zao. Nimerudi chuo juzi. Leo nataka kusimulia jambo moja lililonikuta kule, maana limenikaa kooni.

Nilipangiwa vipindi vya Historia, ambalo ndilo somo langu, halafu nikaongezewa Uraia kwa sababu mwalimu mwenyewe alikuwa likizo ya uzazi. Mada niliyoikuta ni haki za binadamu. Desa nililoachiwa lilikuwa orodha tu: haki ya kuishi, haki ya kusikilizwa, haki ya kutoa maoni, namba moja mpaka kumi, andika, kariri, basi. Nikajisemea hawa watoto watalala. Nikaamua nitafute mtu mmoja niwasimulie maisha yake, maana mtoto akisahau orodha hasahau hadithi.

Na hapa niseme ukweli. Sisi huku chuo ukitaja bosi wa shirika la haki za binadamu, picha inayokuja ni gari kubwa jeupe, semina hotelini, posho, na chai ya saa nne yenye sambusa. Washkaji bwenini wanaiita kazi ya ulaji. Na mimi nilikuwa nasema hivyohivyo. Kwa hiyo nilipoanza kusoma habari za Peter Benenson, yule Mwingereza aliyeanzisha Amnesty International, nilitegemea kukuta mtu wa namna hiyo.

Alizaliwa London tarehe 31 Julai 1921. Baba yake alikuwa mwanajeshi, akafariki Peter akiwa bado mdogo. Akalelewa na mama, Flora Solomon, Myahudi mzaliwa wa Urusi. Hilo jina la Benenson ni la ukoo wa mama. Akapelekwa Eton, shule ya watoto wa wakubwa. Inasimuliwa kwamba huko alimlalamikia mkuu wa shule kuhusu chakula kibaya, mkuu akamwandikia mama yake kumwonya kuwa kijana ana dalili za uanamapinduzi. Nilicheka peke yangu, maana kila shule ya bweni hapa kwetu ina mtoto wa hivyo, sema wa kwetu anaambiwa nenda nyumbani urudi na mzazi.

Akiwa na miaka 16 aliihamasisha shule isaidie yatima wa vita vya Hispania. Baadaye akachangisha paundi 4,000 kwa marafiki na familia zao ili kuwaleta Uingereza vijana wawili wa Kiyahudi kutoka Ujerumani ya Hitler. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa Bletchley Park, pale walipokuwa wakifumbua siri za mawasiliano ya Wajerumani. Vita vikaisha, akawa wakili. Vyama vya wafanyakazi vya Uingereza vikamtuma Hispania kuangalia kesi za wenzao waliokuwa wakishtakiwa chini ya Franco. Mwaka 1957 akashirikiana na mawakili wenzake kuanzisha JUSTICE, chombo cha kutetea utawala wa sheria. Ubunge aligombea kupitia chama cha Labour mara nne, akaanguka zote nne. Mara nne jamani! Mtu wa kwetu angeshahamia chama kingine.

Sasa inakuja ile hadithi yenyewe. Benenson alisimulia kwamba mwezi Novemba 1960, akiwa kwenye treni ya chini ya ardhi London, alisoma gazetini habari za wanafunzi wawili wa Ureno waliofungwa kwa sababu waliinua glasi zao na kunywa kwa jina la uhuru. Ureno wakati huo ilikuwa mikononi mwa Salazar. Akashuka kwenye treni, akaingia kanisa la St Martin-in-the-Fields, akakaa kufikiri. Hasira anayo, lakini mtu mmoja ataifanyia nini serikali ya nchi nyingine? Wanahistoria waliopekua baadaye gazeti la tarehe aliyoitaja hawakuikuta habari hiyo kama alivyoisimulia, kwa hiyo mzee huenda alichanganya siku au magazeti. Ila alichokifanya baada ya hapo kina ushahidi.

Tarehe 28 Mei 1961 gazeti la The Observer lilitoa makala yake kuhusu wafungwa waliosahauliwa. Hakuandika habari za wafungwa wa dunia nzima kwa jumla. Aliandika majina. Agostinho Neto, daktari na mshairi wa Angola, aliyekuwa mikononi mwa Wareno. Constantin Noica, mwanafalsafa wa Romania. Ashton Jones, mchungaji wa Marekani aliyekuwa akipigania haki za watu weusi. Patrick Duncan, mzungu wa Afrika Kusini aliyepinga ubaguzi. Magazeti ya nchi nyingine yakaichukua, barua zikamiminika. Kampeni iliyopangwa iwe ya mwaka mmoja ikageuka shirika, na kufikia 1962 likawa linaitwa Amnesty International.

Namna walivyofanya kazi ndiyo iliyonishika mimi kama mwalimu mtarajiwa. Watu wa kawaida, walimu, wauza duka, akina mama wa kanisani, wanaunda kikundi. Kikundi kinapewa wafungwa watatu: mmoja wa nchi za Magharibi, mmoja wa nchi za Kikomunisti, mmoja wa Dunia ya Tatu, ili mtu asiseme wanapendelea upande. Halafu wanaandika barua. Wanamwandikia rais, waziri, mkuu wa gereza, kwa lugha ya adabu kabisa: mheshimiwa, tunaomba fulani aachiwe. Tena na tena. Mkuu wa gereza aliyezoea kwamba huyu mtu hana mwenyewe, anashangaa kuona huyu mtu ana wenyewe mpaka Sweden.

Hata majirani zetu wanalijua hili. Ngũgĩ wa Thiong'o alipowekwa kizuizini Kenya mwishoni mwa 1977 baada ya ile tamthilia ya Kamirithu, Amnesty walimchukua kama mfungwa wa dhamiri, na alitoka Desemba 1978. Sisemi ni barua ndizo zilizomtoa, maana Mzee Kenyatta alifariki mwaka huohuo na mambo yakabadilika. Nasema tu kwamba kuna watu waliokuwa hawajawahi kufika Limuru walikaa mezani kwao wakaandika jina lake kwenye bahasha.

Basi nikawasimulia watoto wa kidato cha pili. Walinyamaza, na anayelijua darasa lile anajua huo ni muujiza. Nikasema sasa andikeni barua moja, chagua mtu yeyote unayeona hakutendewa haki. Hapo binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kipindi chote huwa anachora maua pembeni ya daftari, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, wewe ulimwandikia nani?"

Hakuwa na utani. Alitaka tu mfano. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nikasema mwalimu ni mimi, andikeni. Kengele ilipogonga nilitoka kama mtu aliyeachiwa kwa dhamana.

Maana nilikuwa na mtu wa kumwandikia, na sikumwandikia.

Mwaka jana bumu lilichelewa wiki sita. Wasio na bumu wanajua: mlo mmoja, unakunywa maji unalala. Siku hiyo watu wakakusanyika mbele ya utawala, na jamaa ninayelala naye chumba kimoja akapanda kwenye ngazi akaongea. Hakutukana. Hakurusha jiwe. Aliuliza tu hela iko wapi na kwa nini hakuna anayetoka kutuambia. Wiki iliyofuata akapewa barua, amesimamishwa masomo mwaka mzima, bila kuitwa mahali popote kujieleza. Alifunga begi usiku. Nilimsaidia kubeba godoro mpaka stendi, tukawa tunaongelea mpira.

Kesho yake ikapita karatasi chumba kwa chumba. Ilikuwa barua fupi ya kuomba mwenzetu asikilizwe. Majina 41 yalikuwa yameshasainiwa ilipofika mlangoni kwangu. Nikasema ngoja nimalize kufua, nitaipitia baadaye. Waliporudi nikasema kesho. Kesho nikaenda maktaba mapema kuliko siku zote.

Sababu nilikuwa nazo na sikuzitunga. Mimi ni wa kwanza kwetu kufika chuo kikuu. Mama anauza vitumbua ili niwe na hela ya kuchapisha kazi. Mkopo wangu wakiufuta sina mjomba wa kumpigia simu. Lakini wale 41 nao wana mama. Hakuna hata mmoja aliyeguswa, wote walifanya mitihani. Mimi sikujua kwamba haitakuwa hivyo, lakini na wao hawakujua walipokuwa wanasaini.

Usiku ule baada ya swali la yule binti niliendelea kumsoma Benenson, na nitakiri kitu cha aibu: nilikuwa natafuta makosa yake. Nilitaka nikute kwamba na yeye alikuwa mla posho, nilale.

Nikayapata makosa. Mwaka 1966 na 1967 mambo yaliharibika. Amnesty walikuwa na ripoti ya mateso yaliyofanywa na Waingereza kule Aden, na Benenson akaanza kuamini kuwa serikali yake imepenyeza watu ndani ya shirika, akawashuku hata wenzake. Kumbe yeye mwenyewe alikuwa amepokea hela za serikali hiyohiyo kisirisiri, za kusaidia familia za wafungwa Rhodesia, bila wanachama kujua. Mwezi Machi 1967 akaondoka kwenye uongozi, na cheo chake cha urais kikafutwa. Yaani mtu aliondoka kwa fedheha kwenye shirika alilolianzisha mwenyewe.

Na siyo yeye tu. Mandela walimtetea mwaka 1962, lakini baada ya hukumu ya 1964 wakakataa kumwita mfungwa wa dhamiri kwa sababu alikubali mapambano ya silaha. Na Neto je? Alikuwa rais wa Angola mwaka 1975, na baada ya jaribio la tarehe 27 Mei 1977 serikali yake iliua watu wengi sana bila kesi. Ilibidi mpaka mwaka 2021 ndipo Rais João Lourenço aombe radhi kwa niaba ya taifa. Mtu aliyeombewa haki akainyima wengine.

Nilifunga kitabu nikasubiri usingizi wa amani. Haukuja. Kwa sababu nikawaza: makosa yote hayo yananisaidia nini mimi? Neto wa 1961 hakustahili gereza hata kama Neto wa 1977 alikuja kuwa vile. Na Benenson alipoanguka, barua hazikusimama. Eric Baker, mmoja wa wale aliowaanza nao, akashika usukani, wengine wakafuata, na mwaka 1977 shirika likapata Tuzo ya Nobel ya Amani, muasisi akiwa pembeni. Miaka ya 1980 walikuja kupatana naye. Alifariki Oxford tarehe 25 Februari 2005, akiwa na miaka 83. Kazi haikuhitaji mtakatifu. Ilihitaji mtu wa kuandika jina la mwenzake kwenye karatasi, halafu chini yake aandike la kwake.

Hilo la pili ndilo lililonishinda mimi.

Mwaka wa kusimamishwa kwa jamaa unaisha mwezi ujao. Anatakiwa aombe upya, na wanaweza kumkatalia. Jumapili nilimpigia simu, mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Nikamweleza kila kitu, hata ile ya maktaba. Akakaa kimya mpaka nikadhani salio limekwisha. Halafu akasema, "Nilijua. Jina lako nililitafuta kwenye ile karatasi." Nikasema nataka niandike sasa. Akasema, "Umechelewa, mzee. Lakini peleka."

Nimeandika ukurasa mmoja. Lugha ya adabu, mheshimiwa, naomba. Nimeeleza kuwa nilikuwepo siku ile, nilisikia alichosema, na kwamba hakuna aliyemwita kujieleza. Chini nimeweka jina langu kamili na namba ya usajili. Mkono ulitetemeka kwenye namba ya usajili, sitawadanganya. Jumatatu nikapeleka. Katibu muhtasi aliisoma yote, akaniangalia, akagonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu, akasema haya.

Leo ni Ijumaa, hawajanijibu. Nakala iko chini ya godoro langu, na kitanda cha pili bado kitupu.

Ngoja nikawahi msosi kabla foleni haijafika mlangoni. Tuombeane.